Barafu Yako Inaliwa na Foleni, Si na Mbio

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, hapa Tanga mjini. Gari langu lina injini ya V8 niliyoifungia supachaja (mashine ya kuibana hewa inayoingia kwenye injini) inayokaa juu ya injini, yenye intakula ya maji (kipozeo cha hewa hiyo iliyobanwa) chini yake. Nina rejeta ndogo ya intakula mbele ya gari, na kwenye buti nimeweka tangi la lita 25. Siku ya mashindano ya robo maili nalijaza maji lita 15 na barafu kilo kumi. Mbio ya kwanza gari linakwenda vizuri. Nikirudi kwenye foleni na kusubiri kama dakika ishirini na tano, barafu yote imekwisha kabla zamu yangu haijafika, na gari linakuwa zito. Je, nitengeneze tangi kubwa zaidi, au nifunge rejeta kubwa zaidi mbele?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile uliloliuliza: tangi kubwa zaidi lisiwe jambo la kwanza kulifanya, na hiyo rejeta ya mbele, kwa namna ulivyoiunganisha, huenda ni miongoni mwa wezi wa baridi yako. Ili usidhani nabahatisha, tupige hesabu pamoja.

Supachaja inapoibana hewa, kazi inayotumika kuibana hugeuka kuwa joto ndani ya hewa yenyewe, na hakuna namna ya kulikwepa jambo hilo. Tuchukue mchana wa kaskazi hapa Tanga, hewa ikiwa nyuzi 32 za Selsiasi, na supachaja iliyopangwa kuongeza mgandamizo wa pauni 10 kwa inchi ya mraba. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 65 hivi, hewa inayotoka upande wa pili itakuwa na joto la nyuzi 105 au zaidi kidogo. Hewa ya moto kiasi hicho ni nyepesi, kwa hiyo kila silinda hupata oksijeni kidogo kuliko unavyodhani ukitazama saa ya mgandamizo. Lililo baya zaidi ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa hujiwakia wenyewe katika kona za silinda kabla mwali wa plagi haujafika huko. Injini inagonga, kompyuta ya gari inasikia kugonga huko na kuchelewesha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche), na wewe unaliona gari limekuwa zito. Ukiishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 105 hadi 45 bila kupoteza mgandamizo, uzito wake kwa kila lita huongezeka kwa karibu asilimia 19. Hiyo ndiyo faida unayoinunua kwa barafu.

Sasa tuone mbio yenyewe inagharimu barafu kiasi gani. Injini inayotoa nguvu za farasi 500 hivi huvuta karibu kilo 0.4 za hewa kila sekunde inapokanyagwa mpaka mwisho. Kuishusha hewa hiyo kwa nyuzi 60 kunahitaji kuondoa joto la kilowati 24, na kwa sekunde 12 za robo maili jumla yake ni chini kidogo ya kilojuli 290. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu na kubaki maji ya nyuzi sifuri, humeza kilojuli 334. Maana yake ni kwamba mbio nzima, kutoka taa ya kijani hadi mstari wa mwisho, haifiki kuyeyusha kilo moja ya barafu. Hata ungekuwa na maji matupu lita 15 yasiyo na barafu hata punje, mbio ile ingeyapandisha joto kwa nyuzi tano tu hivi. Ongeza sekunde chache za kuzungusha matairi kabla ya kuondoka, na bado hufiki kilo moja na nusu.

Kilo nyingine nane au tisa zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye chuma, na zimekwenda huku umesimama. Intakula yako imekaa kati ya supachaja na kichwa cha injini, na maji ya injini chini yake yana nyuzi 90 au zaidi. Ukirudi kutoka kwenye mbio, bodi ya supachaja, manifodi (njia za kugawa hewa kwenye silinda) na intakula vimekwisha kupata moto wa kutosha kukuunguza kiganja. Tuseme hapo kuna kilo 20 za alumini zenye nyuzi 80, nawe unataka zishuke hadi nyuzi 10: hiyo ni kazi ya kilojuli 1,260, yaani karibu kilo nne za barafu, zaidi ya mara nne ya mahitaji ya mbio. Na hapo hujamaliza, kwa sababu injini inaendelea kupeleka moto juu muda wote unaposubiri. Hata tukikadiria kwamba moto unaopenya ni kilowati mbili tu, ambacho ni kiasi kidogo kwa injini inayonguruma bonet ikiwa imefungwa, kwa dakika 25 utapata kilojuli 3,000, na hizo ni kilo tisa za barafu. Hesabu hii inaeleza ulichokiona bila kumsingizia mtu yeyote, wala pampu, wala tangi.

Kwa hiyo swali lako nalibadilisha kidogo. Usiulize namna ya kubeba baridi nyingi. Uliza namna ya kuifikisha baridi uliyonayo kwenye mstari wa kuanzia.

Jambo la kwanza ni kuzima injini mara tu unapoegesha, kufungua bonet, na kuwasha feni pamoja na pampu ya intakula ilhali injini imezimwa. Ikiwa umefunga pampu ya umeme ya maji ya injini, iwashe nayo, maana moto unaoshushwa ndani ya injini hauwezi tena kupanda kwenye intakula. Kazi hii yote inakula betri, basi uwe na betri ya pili au chaja. Foleni ikisogea, shukeni msukume gari kwa mikono. Najua vijana huona aibu kusukuma gari lenye nguvu kuliko magari yote uwanjani, lakini tazama wanaoshinda: wengi wao wanasukuma.

Jambo la pili, na hapa ndipo nadhani unapoteza zaidi, ni hili la kutupa barafu juu ya maji ya moto. Unaporudi, maji yaliyomo tangini yamepanda, tuseme yamefika nyuzi 45 baada ya kupita mara nyingi kwenye chuma kile. Kuyashusha maji hayo lita 15 hadi nyuzi tano kunahitaji karibu kilo saba za barafu, na kilo zote hizo zimetumika kupoza maji ambayo ungeweza kuyamwaga tu. Weka koki chini ya tangi. Ukifika, zungusha pampu dakika chache na maji ya kawaida ya bombani ili yabebe moto mkali wa mwanzo, kisha yamwage pembeni, mbali na njia ya mbio. Baada ya hapo tia maji yaliyopozwa tayari, uliyoyaleta katika kasha la barafu, na barafu mpya uitie mwishoni kabisa, yakibaki magari matatu au manne mbele yako. Chuma cha nyuzi 80 hakihitaji barafu ili kishuke hadi 40. Maji ya nyuzi 28 yanakiweza, na hayo hayana bei.

Katikati ya vipindi hivyo viwili kuna hoja ambayo mafundi hubishana: je, pampu iendelee kuzunguka muda wote wa kusubiri? Mimi naona isiendelee. Ikizunguka bila kukoma barafu inapoza injini nzima kidogo kidogo, kazi ambayo haitakwisha. Izungushe kwanza kwa maji ya kumwaga, izime, kisha iwashe tena na barafu mpya dakika mbili au tatu kabla ya kuitwa, muda unaotosha kuishusha intakula yenyewe bila kuanza kupoza kila kilichoshikana nayo.

Sasa tuje kwenye rejeta ya mbele. Rejeta haijui kupoza. Inajua kusawazisha joto la maji na joto la hewa inayopita. Maji yakiwa na nyuzi 50 na hewa nyuzi 32, inakusaidia. Maji yakiwa na nyuzi tano na hewa nyuzi 32, rejeta ileile inayapasha moto, na kadiri inavyokuwa kubwa na feni yake kuwa kali ndivyo inavyoyapasha kwa bidii zaidi. Mbele yake huenda pia kuna lami iliyopigwa jua tangu asubuhi, ambayo hewa yake ni ya moto kuliko ile iliyotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Kwa hiyo funga valvu ya njia tatu, ya mkono au ya umeme, itakayoyapitisha maji nje ya rejeta wakati tangi lina barafu, na kuyarudisha kwenye rejeta unapoendesha gari mtaani au unapotaka kuyashusha maji ya moto baada ya mbio. Kazi hii ni ya valvu moja na mipira miwili ya kupitishia maji, na katika mambo yote niliyoyataja ndiyo yenye faida kubwa kwa fedha kidogo.

Kuhusu tangi lako la lita 25, linatosha. Kila lita unayoongeza ni kilo moja ya kubeba, nawe umeona kwamba mbio haihitaji hata kilo mbili za barafu. Linalohitaji kuangaliwa ni umbo lake. Maji yanayorudi kutoka kwenye intakula yaingie juu, yamwagike juu ya barafu kupitia bomba lenye matundu, na yanayokwenda kwenye intakula yachukuliwe chini kabisa, nyuma ya wavu utakaozuia vipande vya barafu visifike kwenye pampu. Pampu iwe chini ya usawa wa tangi, kwa sababu pampu nyingi za aina hii husukuma vizuri lakini hazijui kuvuta. Tia barafu kwanza, kisha maji ya baridi hadi yaifunike. Tangi lililojaa barafu tupu lina mifuko ya hewa katikati, na pampu ikimeza hewa mzunguko unasimama huku wewe ukiamini kila kitu ni baridi. Sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, ambayo kwako ni intakula yenyewe, iwe na skrubu ya kutolea hewa.

Barafu ya mabonge hudumu, lakini ndani ya tangi inatoa baridi yake polepole kwa sababu eneo linaloguswa na maji ni dogo. Bonge liache kwenye kasha la akiba. Tangini tia barafu iliyosagwa au iliyovunjwa vipande vya ukubwa wa ndimu. Chupa za maji zilizogandishwa, ambazo wengi hutumia kwa kuwa hazimwagiki, zinafaa kwenye kasha tu, maana plastiki inazuia joto kuingia. Ukinunua barafu pale soko la samaki la Deep Sea, au kwa muuzaji mwingine yeyote anayehudumia wavuvi, chagua ile ambayo haijakutana na samaki, uisuuze maranda na nyuzi za gunia kabla ya kuivunja. Maranda yanaziba wavu, na chumvi ya bahari inaila alumini.

Chumvi ninaisema kwa makusudi, kwa sababu kila mtoto wa pwani anajua kwamba barafu ikitiwa chumvi inakuwa baridi zaidi ya sifuri, na nimeulizwa mara nyingi kama haifai kutiwa kwenye tangi. Ni kweli baridi itaongezeka. Ni kweli pia kwamba intakula ya alumini itaanza kutoboka, na tundu la intakula ya aina yako halimwagi maji chini. Linayaingiza kwenye silinda. Maji mengi yakiingia silindani pistoni haiwezi kuyabana, na kinachopinda ni konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni.

Kulanti nayo iwe kidogo au isiwepo kabisa siku ya mbio. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glaikoli hubeba joto pungufu kwa karibu asilimia 15 hadi 20 kuliko maji matupu, na ni mzito kusukumwa, hasa ukiwa wa baridi. Nchi za theluji wanaihitaji ili maji yasigande na kupasua rejeta. Tanga hatuna shida hiyo. Unachohitaji kutoka kwenye kulanti ni dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo inauzwa peke yake. Baada ya mashindano toa maji yote ya barafu, suuza, na urudishe mchanganyiko wako wa kawaida.

Pampu ipime kwa ndoo. Chomoa mpira unaorudi tangini, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20, washa pampu, na utazame saa. Ndoo ikijaa ndani ya sekunde 50, unapata karibu lita 25 kwa dakika, na kwa joto lile la kilowati 24 maji yanayoingia kwenye intakula yakiwa na nyuzi tano yatatoka yakiwa na nyuzi 19 hivi. Ndoo ikichukua dakika mbili, maji yaleyale yatatoka yakiwa karibu na nyuzi 40, na nusu ya intakula yako itakuwa inafanya kazi kama vile hakuna barafu. Pima mzunguko mzima ukiwa umeunganishwa, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ilipimwa bila mipira, bila kona na bila intakula.

Kuna jambo moja la hapa pwani ambalo maelekezo yanayotoka nchi zenye hewa kavu hayalitaji. Hewa yetu ina mvuke mwingi. Katika miezi ya joto, chochote kilicho baridi chini ya nyuzi 24 hivi kinaanza kutoa jasho, na mvuke unapogeuka kuwa maji juu ya mpira wako unauachia mpira huo joto lake lote. Barafu yako inaikausha hewa ya Tanga bila malipo. Vika mipira yote, tangi na pampu ile sponji nyeusi ambayo mafundi wa AC na friji huvalisha mabomba, ufunge maungio kwa utepe. Faida ya pili ya sponji ni usalama: jasho linalodondoka kutoka kwenye mipira iliyopita mbele ya matairi ya nyuma linalowesha tairi linalotakiwa kushika lami, na gari lenye farasi 500 likikosa mshiko upande mmoja haliendi moja kwa moja. Waamuzi makini watakurudisha wakiliona tone, na wana haki.

Ndani ya intakula jambo hilohilo hutokea, tena mapema zaidi, kwa sababu hewa iliyobanwa hutoa maji ikiwa bado ina joto. Hewa inayoanza kutoa jasho kwenye nyuzi 24 huku nje, ikibanwa kwa kiasi chako, itaanza kutoa jasho kwenye nyuzi 33. Injini ikiwa inavuta, ukungu huo mdogo unapita na kuchomwa bila madhara. Tatizo ni hewa yenye unyevu kukaa juu ya intakula ya barafu injini ikiwa imezimwa, matone yakakusanyika chini. Hii ni sababu nyingine ya kutia barafu mwishoni, si mwanzoni mwa kusubiri.

Barafu kavu utashauriwa na watu. Ina nyuzi 78 chini ya sifuri na kwa kila kilo humeza joto zaidi ya barafu ya maji, lakini inageuka kuwa gesi ya kaboni dioksaidi, na tangi lililofungwa vizuri litapasuka, ilhali lililo wazi kwenye buti linajaza gesi hiyo katika chumba unachovutia pumzi. Pia inagandisha maji yanayoizunguka na kujifunika ganda. Kwa hesabu tuliyoifanya, hakuna unachokikosa ukiiacha.

Wapo pia wanaotumia gesi ya AC ya gari kupoza maji ya intakula. Dodge walifanya hivyo kiwandani kwenye Challenger SRT Demon ya modeli ya 2018, na katika gari hilo nakusihi utazame zaidi jambo la pili walilolifanya: injini ikizimwa, feni na pampu ya maji ya supachaja huendelea kufanya kazi. Kiwanda chenye uwezo wote ule kilijua kwamba vita iko kati ya mbio na mbio. Kwa gari lako nisingeanza na AC, kwa kuwa inahitaji injini iwake ndipo ipoze, na injini inayowaka kwenye foleni ndiyo tunayoikimbia.

Mwisho, funga sensa mbili kabla ya kununua kitu kingine: moja kwenye maji yanayotoka tangini, nyingine kwenye hewa baada ya intakula, isiyogusa ukuta wa manifodi usije ukasoma joto la chuma ukadhani ni la hewa. Tazama namba zote mbili unapoingia mstarini na tena unapovuka mwisho. Maji yakiwa nyuzi sita na hewa ikapanda kupita 60, baridi ipo lakini haifiki: tafuta hewa iliyokwama kwenye mzunguko, wavu ulioziba, au pampu dhaifu. Maji yakiwa tayari na nyuzi 30 kabla hujaondoka, barafu imeliwa na foleni, na dawa yake nimekwisha kuieleza. Maji na hewa vikiwa sawa katika mbio ya kwanza na ya pili lakini gari bado zito, acha kuihangaikia intakula. Mwombe fundi wako wa kompyuta asome taimingi na joto la injini katika mbio ya pili, kisha angalia mkanda wa supachaja, maana mkanda uliopata moto huteleza, na mgandamizo unaopotea hapo hauwezi kurudishwa na barafu yoyote.